Mashimo ya Ming'oko

Shemeji yangu alipokuja kutoka Lindi mjini kuomba mwanangu asiende kambi ya skauti, bali likizo nzima akakae kwake asome tuisheni, nilisema sawa. Natamani ningekataa.

Marehemu mke wangu alikuwa Mmwera, na kwao mjomba ana kauli juu ya mtoto wa dada yake. Kwa miaka mingi nimejificha nyuma ya desturi hiyo. Lakini siku ile shemeji mwenyewe aliniachia niamue. Alisema baba wa mtoto ni mimi, neno langu ndilo la mwisho. Kisha akaitazama kamba ambayo kijana alikuwa akijifunzia mafundo barazani, akatabasamu.

"Na wewe shemeji uliyajua mafundo haya yote. Umeyatumia wapi zaidi ya kufungia mbuzi?"

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikarudi Tingi kulima korosho. Utani ule ulinichoma, na nikajibu kwa aibu yangu badala ya akili yangu.

Kambi ilikuwa upande wa Njinjo, bara, ambako na mimi nilikwenda na skauti wenzangu nikiwa mwanafunzi. Huko nilipotea. Mwalimu wetu alitufundisha kufunga nyasi fundo kila tunapogeuka, ili turudi kwa njia ile ile. Mimi nikaona mmea utambaao wa ming'oko, vile viazi vya porini tunavyokula huku kusini, nikaufuata hadi shinani, nikachimba. Nikaona mwingine, na mwingine. Nyasi sikufunga. Wala sikufanya lile ambalo kila mtoto wa kwetu anafundishwa, kuacha kichwa cha kiazi ardhini na kufukia shimo ili kiote tena.

Nilipoinua macho sikumwona mtu. Nilitaka kukimbia. Nikakumbuka mwalimu alivyotuambia: ukipotea kaa chini kwanza, usikimbilie kosa la pili. Nikakaa, nikalia kidogo, nikatulia. Ndipo nikaliona shimo langu la mwisho, na mbele yake jingine. Nikarudi shimo kwa shimo, nikirudishia vichwa vya viazi na kufukia, mpaka nikasikia filimbi ya mwalimu.

Tangu hapo, jambo likinizidi nakaa chini kwanza. Nilifanya hivyo mikorosho ilipoungua, na nilipomzika mama yake kijana huyu. Sikupata somo jingine shuleni lililonisaidia hivyo.

Nilikuwa nimemwahidi mwanangu kwamba kambi ikiisha nitamfuata Njinjo, twende wawili tu mpaka kwenye bonde lile nilikopotea, tukachimbe. Jioni ile alinishika mkono. "Baba, si ulishaniruhusu?" Nikamwambia kambi zitakuja nyingine. Akaikunja skafu yake, akampa mwenzake. Kambi nyingine ilipokuja hakuomba, nami sikuuliza.

Alifaulu, na shemeji hakukosea kwa hilo. Anafanya kazi Dar es Salaam, ananipigia simu, ananitumia matumizi. Mwaka huu alipokuja nilimwomba twende porini, hapa karibu tu. Alisimama barabarani akihofia upupu, akasema kwa upole, "Baba, tununue tu sokoni." Tukanunua. Tulikaa barazani tukimenya ming'oko iliyochemshwa, tukazungumza habari za mvua na bei ya korosho. Zilipokwisha, akatoa simu yake, nami nikaangalia uani.

Wala simlaumu. Angekuwa mtoto asiyenijali ningekuwa na wa kumkasirikia. Ni mwana mwema, na mimi na yeye hatujawahi kusafiri popote pamoja, wala hatuna jambo tuliloliona sisi wawili tukalikumbuka. Bonde la Njinjo liko palepale, lakini magoti yangu hayafiki tena. Hayo ndiyo matunda ya uamuzi wangu: nilipata kijana msomi, nikakosa kuwa rafiki wa mwanangu.