Rafu ya Sita

Kila asubuhi, kabla hajatua mkoba, Daktari hubisha hodi kwenye mlango wa chumba cha mbung'o. Hugonga mara mbili kwa ukucha, husubiri kidogo, kisha huingia. Anasema mlango ukifunguliwa ghafla nzi hushtuka, na mbung'o mjamzito hapendi kushtuliwa.

"Ipo siku watakuitikia," humtania Kitasa, mhudumu wa maabara, aliyepewa jina hilo kwa sababu funguo zote za jengo huning'inia kiunoni mwake.

"Wakiitikia, nastaafu siku hiyohiyo."

Wenzake humwita Mkunga, naye hana kinyongo. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wengine. Jike hubeba buu mmoja tu tumboni, humlisha kwa maziwa yake mwenyewe, na baada ya siku tisa au kumi humzaa akiwa mzito karibu kama mama. Mambo yakienda kombo, mimba hutoka. Kwa nini hutoka? Swali hilo ndilo lililokula ujana wa Daktari, na jibu lake lilichapishwa miaka kumi na tisa iliyopita: ni umri. Jike akishazaa mara tano, mwili huchoka, maziwa yakapungua. Wanafunzi hulikariri jibu hilo mpaka leo.

Binti wa kaka yake alikuja kufanya kazi pale alipomaliza chuo. Nyumbani alimwita Shangazi, kazini Daktari, na mara nyingi hakumwita chochote, maana alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Aliosha vizimba, akajaza daftari, akaenda zake kusoma.

Vizimba vilikaa kwenye rafu sita, na vilikuwa na desturi yao. Mbung'o mabinti waliokaribia uzazi wa kwanza waliwekwa rafu ya chini. Kila walipozaa, walipandishwa rafu moja, ili mtu akitupa jicho tu ajue nani ni nani. Kazi ya kupandisha Daktari hakumwachia mtu. Alipanda kigoda mwenyewe, miaka nenda rudi, hadi Jumatatu moja goti lake lilipogoma.

Binti akapanda badala yake. Alipofikisha kichwa usawa wa rafu ya sita, jasho lilimtoka. Akashuka, akaona nafuu. Akapanda tena, jasho likarudi. Akatazama kipimajoto cha chumba, kilichoning'inia pembeni mwa mlango usawa wa kifua. Kilisoma ishirini na tano, kama siku zote.

Aliweka kipimajoto kwenye kila rafu, akaandika kwa siku tisa. Rafu ya chini, ishirini na nne. Rafu ya sita, ishirini na nane. Basi wazee wote walikuwa juu, na huko juu ndiko kulikokuwa na joto. Nani angejua kipi kinawaharibia mimba?

Usingizi ulimpaa. Shangazi yake alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, na kazi yake yote ilisimama juu ya jibu lile. Akamweleza Kitasa.

"Mimi nina funguo nyingi, lakini za mlango huo sina," Kitasa alisema. "Ila mnakula meza moja kila jioni. Utameza vipi?"

Kesho yake binti aliiweka karatasi ya vipimo mbele ya Daktari, akabaki amesimama. Daktari aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari.

"Umepima asubuhi tu?"

"Asubuhi na jioni."

"Vipimajoto umevilinganisha?"

"Ndiyo. Niliviweka vyote kwenye barafu kwanza."

Daktari alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. "Lete kigoda," alisema. "Tuwageuze. Vikongwe chini, mabinti juu."

Walisubiri siku ishirini. Vikongwe wa rafu ya chini walizaa kama vile ndiyo kwanza wanaanza. Mimba zilizotoka zilikuwa za mabinti wa juu. Daktari alihesabu mara mbili, akamwambia binti naye ahesabu, hesabu zikalingana. Ndipo akavuta kiti, akaliandikia jarida lililochapisha jibu lake la zamani. Aliandika kwamba alikosea, akaeleza habari ya rafu, na jina la binti akaliweka mwanzo, kabla ya lake.

Binti alimtazama akiandika. Tangu aje pale hakuwahi kumuuliza jambo lisilo la kazi, na hili nalo hakuwa na hakika ni la kazi au la.

"Shangazi," alisema, akasahau kwamba wako kazini. "Miaka yote hiyo unapanda kile kigoda. Hukuwahi kulisikia lile joto?"

Kalamu ilisimama.

"Nililisikia sana. Nilidhani ni umri wangu."