Malaika wa Mang Sendong

Kwa miaka kumi na saba kamba ya malaika ilikuwa mikononi mwa Rosendo, fundi seremala ambaye watu walimwita Mang Sendong, na kijijini hakuna aliyethubutu kuigusa. Kila alfajiri ya Pasaka sanamu mbili zilikutana chini ya jukwaa la mianzi mbele ya kanisa: Kristo mfufuka kutoka upande huu, mama yake kutoka upande ule, amefunikwa shela nyeusi ya msiba. Hapo Rosendo, akiwa juu ya jukwaa, alimteremsha kwa kamba binti wa watu aliyevishwa mabawa ya malaika ili amvue mama yule shela. Kuna mwaka shela iligoma kutoka, na kabla ya mavuno kimbunga kikafagia mpunga wote. Hakuna aliyesahau.

Binti yake mwenyewe, Rosvie, alikuwa na miaka tisa na hajawahi kuiona sherehe ile. Miguu yake haikumbeba tangu azaliwe, na mikono ilimtetemeka akifurahi au akiogopa. Rosendo alimwacha nyumbani, eti vumbi, eti msongamano. Tuseme ukweli: alimwonea aibu mtoto wake. Kila mwaka mkewe Elvie alimsihi, na kila mwaka aligeukia ukutani akajifanya amelala.

Safari hii, Jumamosi mchana, msichana aliyechaguliwa kuwa malaika akaota vipele vya tetekuwanga mwili mzima. Elvie hakuomba ruhusa ya mtu. Alimbeba Rosvie mgongoni hadi uwanjani, ambako Aling Bebang, mama msimamizi wa sherehe, alikuwa akihangaika na maua huku Rosendo akifunga kapi la kupitishia kamba.

"Huyu hapa malaika," Elvie akasema. "Wimbo wa malaika wote anaujua. Ameusikilizia dirishani miaka yote."

"Elvie, mwanangu, nakuonea huruma. Lakini mikono ile! Shela ikinasa je? Tutakula nini?"

"Kwani malaika anatembea, Aling Bebang?"

"Hatembei."

"Basi."

Aling Bebang akamgeukia Rosendo. "Mang Sendong, kamba ni yako. Unasemaje?"

Pale uwanjani hapakuwa na ukuta wa kugeukia. "Nitamshusha mimi," akasema.

Alfajiri watu walijaa hadi barabarani. Rosvie akaning'inia na kuimba, na sauti yake ilikuwa safi. Kisha akanyoosha mikono, ikaanza kutetemeka. Mara ya kwanza akakosa. Mara ya pili akashika ukingo wa shela, lakini ncha ya taji la sanamu ikaing'ang'ania.

"Mpandishe, Mang Sendong!" mtu akapiga kelele. "Leteni fimbo tuitoe wenyewe!"

Aling Bebang akafanya ishara ya msalaba. Rosendo alitamani kumvuta mtoto, amfunike, amrudishe nyumbani, yaishe. Mikono yake ikaanza kuvuta.

"Tay, usinivute!" Rosvie akamwinulia baba yake uso, umelowa jasho. "Nishushe! Kidogo tu!"

Akamshusha kiasi cha shubiri moja. Rosvie akalikumbatia taji kwa mkono mmoja, akaibana shela kwa meno, akaichomoa polepole.

Kwa kichwa akamwashiria baba yake ampandishe. Rosendo akavuta, na shela nyeusi ikapaa pamoja na mtoto, uso wa sanamu ukabaki wazi. Kengele zikalia, fataki zikalipuka, Aling Bebang akamkumbatia Elvie, na wote wawili wakaangua kilio bila haya.

Rosendo akalegeza kamba amteremshe.

"Bado, Tay." Kulikuwa kumepambazuka, na kutoka pale juu mapaa yote ya kijiji yalionekana. Rosvie alitazama huku na huku, kisha macho yakatulia. "Ile yenye bati jekundu ndiyo nyumba yetu?"

"Ndiyo."

"Mbona ndogo hivyo?"

Rosendo alimshikilia pale pale, mikono ikimwaka moto, hadi mtoto mwenyewe aliposema ametosheka kutazama.