Siku Nilipopima Balbu za Musoke

Hii aibu nimekaa nayo wiki ya tatu sasa na haipungui hata kidogo, kwa hivyo wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka kwa watu wa Mangateen, maana kule wanaisimulia vingine kabisa, kule mimi ndiye shujaa, na hapo ndipo panaponiua.

Mimi nafundisha fizikia. Nimekulia Nakuru, nikasomea huko, nikarudi Juba na cheti changu na kiherehere changu (vyote nilivibeba kwa begi moja). Anti Poni, dada ya baba, ana kikundi cha akina mama huko mtaa wa Mangateen, walinunua vifaranga mia mbili, na vifaranga wanataka joto, kwa hivyo wakaenda kwa Musoke, Mganda mwenye kibanda cha vitu vya stima hapo sokoni, wakachukua balbu nne za kizamani, zile za waya ndani, wati mia mia. Stima wanavuta kwa jenereta ya jirani yao Ladu. Sasa jenereta ikawa inazimika kila saa, Ladu akasema ni balbu zao zinakula sana, Anti naye akasema, "Ngoja, niko na mtoto wangu, ustaza wa hayo mambo."

Mtoto akaja, jamani, na mita ya shule mkononi. Ningesubiri jenereta iwake nipime stima inayopita kwenye balbu, lakini ilikuwa imezimika tena, na akina mama wamenizunguka na viti vyao, sikutaka kukaa pale nikingoja kama mtu asiyejua kitu. Nikaona nipime tu balbu ikiwa hivyo hivyo, imezimwa, iko mkononi. (Huo ndio uamuzi wenyewe. Mengine yote yalifuata.) Nikapima ukinzani, yaani vile waya wa ndani unavyozuia stima, mita ikasoma omu arobaini. Nikachukua kipande cha katoni, nikapiga hesabu kwa sauti kama niko darasani: volti mia mbili arobaini mara mia mbili arobaini, elfu hamsini na saba na mia sita, gawanya kwa arobaini, wati elfu moja mia nne na arobaini.

"Hapa imeandikwa mia," nikasema, nikiinua balbu juu kila mtu aione. "Hii inakula mara kumi na nne! Mmeuziwa feki."

"Ya Rab!" Anti akashika kichwa. "Musoke ametufanyia hivi?"

Ningenyamaza. Ningeenda kwa Musoke peke yangu nimuulize polepole. Lakini mdomo uliponza kichwa, nikatangulia mbele na katoni yangu, akina mama nyuma, na tulipofika sokoni tulikuwa tumeokota watu njiani hata sijui walitoka wapi. Musoke alikuwa amekaa anakula. Nikamwekea katoni karibu na sahani yake.

Akaisoma yote, taratibu. "Madamu, hii ulipima balbu ikiwaka ama ikiwa imezima?"

Na mimi nikamcheka! Nikamcheka mbele ya watu. "Musoke, hesabu ni hesabu."

"Banange, madamu, weka kwanza iwake. Waya ikipata moto inabadilika. Mimi siko mwizi, niko hapa miaka saba."

Mtu nyuma akapiga kelele, "Harami!" na ukishaitwa mwizi kwa lugha hiyo sokoni, kalas, hakuna anayengoja ushahidi. Boksi la balbu likaanguka, lingine likakanyagwa, mwingine akaondoka na waya begani. Musoke akawasha balbu moja, akabana waya wake kwa mita yake ya kubana, ile inayosoma stima inayopita, akanigeuzia nisome. Ampea sifuri nukta nne mbili.

"Piga sasa, madamu."

Mia mbili arobaini mara hiyo, ni wati mia moja. Mia mbili arobaini gawanya kwa hiyo, ukinzani ni omu mia tano sabini na kitu, wala si arobaini. Waya wa balbu ukipata moto ukinzani wake hupanda, hiyo ni mada ninayoifundisha kila mwaka, mchoro wake nauchora ubaoni kwa mkono wangu huu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikapiga kelele, "Jamani, nimekosea mimi!" Nani anisikie? Aliyempangisha Musoke kibanda alishafika na kufuli, anasema hataki mwizi kwake.

Kesho yake Ladu akafungua jenereta, akakuta plagi ya injini imejaa masizi, akaisafisha, ikanguruma siku nzima na balbu zile zile nne. Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikieleza. Wakanisikiliza kwa heshima, wakanipa chai. Anti Poni mwenyewe akanishika mkono akasema, "Mtoto wangu, jana ulituonyesha hesabu, leo unatuonyesha huruma. Sisi tunashika hesabu." Nikalia mbele yake, akadhani namlilia Musoke kwa sababu nina roho nzuri.

Nilimkuta Musoke anafunga mizigo iliyobaki arudi Arua. Nilipiga magoti, kweli nilipiga. Akaniinua. "Malesh, madamu, yamepita. Wewe iko mwalimu, lazima watu wakuamini."

Nimeapa sitapima tena kitu cha mtu mbele ya watu, na nikikosa shaka nitaitafuta. Lakini kiapo hakimrudishi Musoke. Jumatatu niliandika swali la balbu ubaoni, nikapiga hesabu, kwa makusudi nikakosea jibu, nikangoja. Wanafunzi arobaini wakainama wakaliandika.