Ukuta wa Kupapasa

Cheti chake cha useremala, nambari 417, kilitolewa tarehe 9 Machi 1981. Kimetundikwa juu ya benchi lake la kazi, na tangu siku hiyo hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kiti kwa sababu ya kibanzi. Mafundi wenzake wanamwita Msasa. Husema ukikaa karibu naye sana, utajikuta umelainishwa.

Mwaka huu Msasa aliamua kuitengeneza upya nyumba yake mwenyewe, kibanda cha mbao chenye vyumba viwili na jiko, alichokijenga mkwewe kwa shoka. Sababu ilikuwa mkewe. Macho yake yalikuwa yakififia, na mwezi wa pili alianguka uani. Binti yao, muuguzi, hakuzunguka mbuyu.

"Baba, nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikimkuta mama hawezi kujiendea mwenyewe humu ndani, namchukua." Kwake ni ghorofa ya tatu.

"Na mimi je?"

"Benchi lako halipandi ngazi, baba."

Mkewe akapelekwa kwa dada yake siku kumi. Msasa alipanga mawe bapa sakafuni, akasokota vishikio vya milango kwa kamba ya katani, akapiga randa kuta zote, kisha msasa, kisha mafuta. Mbao za miaka hamsini zikang'aa kama meza ya harusi.

Mkewe aliporudi, aliweka kiganja ukutani, akapiga hatua mbili, akasimama.

"Mume wangu, jikoni ni upande gani?"

Msasa alicheka. Kisha akaona mwenzake hatanii.

"Tangu lini huoni?"

"Mwaka wa pili huu. Ukuta ndio uliokuwa unaniongoza. Palikuwa na fundo limetokeza kama kifungo cha koti, ndipo jikoni. Ufa mrefu, kitandani. Alama tatu za shoka la baba, ujue mbele kuna kidato. Umezifuta zote, fundi wangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ili unipeleke kwa mwanao?"

Msasa alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Maranda hayarudi kwenye ubao. Zilikuwa zimebaki siku nne binti yao aje.

Asubuhi iliyofuata alimshika mkono wakaenda nyuma ya nyumba, kwenye rundo la mbao alizozikataa: mlango wa banda la mbuzi, vipande vya uzio vilivyopigwa na jua na mvua. Mkewe akawa anapapasa mmoja mmoja.

"Huu hapana, umejikunja kama mtu aliyenuna. Huu una mashimo ya misumari, weka jikoni. Na usiuguse na hiyo randa yako!"

Msasa akazipigilia kuzunguka nyumba nzima, usawa wa mkono wa mkewe, zikiwa na mvi zao. Penye kidato alichukua shoka la mkwewe mwenyewe. Mkono uliozoea kulainisha ulikataa. Pigo la kwanza likawa jembamba mno.

"Baba hakuwa anabembeleza mti," mkewe alisema. "Piga!"

Akapiga. Mkewe akapitisha vidole kwenye alama tatu, taratibu, akarudia tena.

"Ndiyo," alisema. Msasa akainama kuokota vibanzi ambavyo havikuwa na haraka ya kuokotwa.

Jumamosi binti alikaa kwenye stuli, amekunja mikono, mkoba wa nguo za mama yake ukiwa mtupu miguuni. Mama akatoka chumbani, mkono ukutani, akashuka kidato, akageuka kwenye mashimo ya misumari, akarudi na chai bila kumwaga tone. Binti aliinuka kumpokea, akajishika ukutani.

"Aa! Baba, mbao zako zina vibanzi!"

"Najua," Msasa alisema.

Mkewe alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, na akapajua. Binti alinyonya kidole chake, akamtazama mama yake kwa muda. Kisha akaukunja mkoba.

Jumatatu Msasa anaanza njia ya kwenda chooni. Ubao mkewe keshauchagua.