Mlinda geti ajifunza kutongoja treni

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Nicanor Wepukhulu anateremsha geti la reli nje kidogo ya mji wa Eldoret. Lori la mahindi linasimama. Badala ya kushika bendera, mzee anazunguka nyuma ya kibanda na kukojoa. Anahesabu hadi mia, anajaribu tena, na kidogo kinatoka.

"Mzee, treni hata haijalia," dereva wa lori anamtania.

"Wewe ngoja tu. Mimi nimengoja miaka ishirini na mbili."

Hatii chumvi. Tangu 1932 alipopewa geti hili, Wepukhulu, sasa mwenye miaka 57, alijiwekea sheria ambayo hakuna mkubwa aliyemwandikia: hakojoi mpaka treni ya mwisho ya zamu yake ipite. Asubuhi hakugusa hata chai. Wenzake wa reli walimsifu, na nakiri kwamba hata mimi ningemsifu.

Miaka minne iliyopita mkojo ulianza kukatikakatika.

"Nilikuwa nafikiri ni uzee tu," anasema. "Na utaambia nani maneno kama hayo? Hata Mama Rosebella nilimficha."

Mama Rosebella ni mkewe, Nabwire. "Alikuwa anaamka mara sita," anasema mama huyo. "Kuficha gani huko?"

Machi mwaka huu mkojo uliziba kabisa, akabebwa hospitali. Daktari alikuta tezi ya kiume imevimba na kubana njia, akampasua na kuitoa. Kitanda cha pili alilala Kipyego, mkulima aliyepasuliwa wiki hiyo hiyo kwa ugonjwa huo huo. Siku ya kumi Kipyego alitolewa mpira wa mkojo, akakojoa vizuri, akaenda kwake. Wepukhulu alitolewa wake, akashinda mchana kutwa bila tone. Mpira ukarudishwa.

"Nililia," anasema. "Utashikaje bendera na chupa ya mkojo kiunoni? Nikajua kazi imeisha."

Aliyemweleza ni Kiprono, dresa wa wodi, yule anayefunga vidonda na kutunza mipira. "Njia imefunguka, Mzee. Lakini kibofu ndio inasukuma, na hii yako imejazwa kupita kiasi miaka mingi mpaka nyama yake imelegea. Kipyego alikuwa na shida miezi michache tu. Kisu haiwezi kurudisha hiyo nguvu. Wengine inawarudia polepole, wengine hapana."

Kisha akamwagiza jambo dogo: afuate saa. Kila baada ya saa tatu akojoe, awe na haja au asiwe nayo, halafu ahesabu hadi mia na kujaribu tena.

Mpira ulipotolewa tena, kipimo cha kwanza kilionyesha vikombe viwili vya chai vimebaki kibofuni baada ya kukojoa. Wiki iliyopita kilibaki kimoja. Ijumaa atapimwa tena. Kikibaki chini ya nusu kikombe, mpira hautarudi, na geti litabaki lake.

"Haitafika nusu," anasema Nabwire, akimmiminia chai hapo kibandani. Mzee anaipokea na kuinywa yote.

Wepukhulu tayari amewaita kando vijana wawili wa reli na kuwaambia wasimuige. Ijumaa ikienda vizuri, anataka kuwaambia wote, bila haya.

Treni inapita, geti linapanda, lori linaondoka. Mzee anatazama saa yake.

"Rudi saa nne kasoro dakika tano uone," ananiambia. "Hata ije treni ya Gavana, itakuta nimeshakojoa."