Kidole cha Sita

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa harufu yake. Mke wangu Nyangeta alirudi kutoka soko la Mwigobero, beseni la dagaa kichwani, ananukia sabuni. Wewe huwezi kujua uzito wa jambo hilo. Miaka ile sabuni ilipotea madukani. Tulifua kwa majani ya mpapai, na mtu akipita ananukia sabuni, watu waligeuka kumtazama.

"Umeipata wapi?" nilimuuliza.

"Magesa amewagawia wateja wake. Kila mtu kipande."

Magesa alikuwa na mtumbwi, akileta dagaa kutoka visiwani. Alikuwa mcheshi. Mimi nilikuwa mtu wa aibu, nilimaliza darasa la saba bila kunyoosha mkono hata mara moja. Mkono wa kushoto wa Magesa ulikuwa na vidole sita. Kile cha sita kilikuwa kidogo, kimening'inia pembeni, naye alikitumia kuwachekesha akina mama wakati wa kuwapimia dagaa.

"Nahesabu makopo kwa vidole, mama zangu. Hiki cha mwisho ni nyongeza!"

Nilianza kwenda sokoni bila shughuli. Nilisimama nyuma ya vibanda nikimtazama mke wangu akicheka. Nyumbani hakuwa akicheka hivyo, na sikujiuliza kwangu ni nani wa kumchekesha. Wivu wangu ulikaa ndani, nikaulisha kila siku.

Uzazi wetu wa kwanza ulipokaribia, Nyangeta alienda kujifungulia kwao, Buswahili. Nikapata habari kwamba ni mtoto wa kike, nikapanda lori kwenda kumwona. Nilipokewa vizuri, nikapewa mtoto. Nikafunua khanga. Mkono wa kushoto, pembeni mwa kidole cha mwisho, palikuwa na kidole kingine, kidogo, na kucha yake.

"Kwenu kuna mtu wa vidole sita?" niliuliza.

"Hapana."

"Na kwetu hakuna. Basi tunajua kimetoka wapi. Usirudi kwangu."

Nyangeta alinitazama. "Kwa sababu ya kipande cha sabuni?"

Niliondoka, uji walioniandalia ukiwa mezani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama yangu, kijijini kando ya ziwa, nimwombe awaite wazee tuivunje ndoa. Nilimkuta akigeuza makopa ya muhogo juani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na kazi. Kisha akasema, "Lete mkono. Wa kushoto."

Akabonyeza kinundu kilicho pembeni mwa mkono wangu, kidogo kama punje ya mtama. "Hiki ni nini?"

"Si ndoano ilinichoma nikiwa mdogo? Wewe ndiye uliniambia."

"Nilikuwaga nakwambia hivyo ili uache kuuliza. Ndoano gani! Hapo palikuwa na kidole. Ulipofikisha siku nane nilikifunga uzi wa nyavu, kikakauka, kikadondoka. Marehemu baba yako naye alifungwa chake hivyohivyo. Babu yako ndiye alizeeka nacho." Akaiga sauti yangu: "'Kwetu hakuna.' Umeenda kukagua mkono wa mtoto mchanga, wa kwako hujawahi kuujua!"

Nilitamani ardhi inifiche, mwanangu.

Kesho yake nilirudi Buswahili. Nyangeta alikuwa amekaa mlangoni akinyonyesha. Nikamwonyesha kinundu, nikamweleza yote.

"Magesa hana kosa," nikamaliza.

"Sikuulizi habari za Magesa. Mimi je?"

Nikatoa uzi mfukoni. "Mama amenipa huu, tukifunge."

"Hakifungwi," alisema. "Kikae hapohapo. Kila ukikiona, ukumbuke ulichonitamkia."

Alirudi nyumbani baada ya miezi mitatu, kwa wakati wake mwenyewe. Kidole kile nilikiosha, nikakishika njiani kwenda kanisani, nikakiona kikijifunza kushika kalamu.

Baadaye muuguzi wa kliniki alinieleza. Mtoto huchukua nusu ya maumbile yake kwa baba na nusu kwa mama. Mengine yanaonekana, mengine yanajificha kwa mzazi na kutokea kwa mjukuu. Na watu wasio ndugu kabisa wanaweza kuwa na alama moja. Binti yangu huyo sasa ana watoto watatu. Mmoja tu alizaliwa na kidole cha sita, na safari hii kilitolewa hospitali, si kwa uzi.

Basi mwanangu, shikeni hili, wewe na wenzako. Sura ya mtoto haitoshi kumhukumu mama yake. Ukiwa na shaka, iseme mapema kwa mdomo wako, kabla haijaota mizizi moyoni. Na kabla hujatamka "kwetu hakuna," waulize wazee wa kwenu walizaliwaje, waliugua nini, walificha nini. Ukikosea, rudi mwenyewe, usitume mtu.

Mungu akupe nyumba yenye kicheko, na akujalie uwe wewe unayekileta.