Honi Tatu na Kaka Yangu

Honi zilikuja tatu katika sanduku moja, nami ndiye niliyekuwa fundi umeme wa kiwanda cha mkonge, upande wa Mosimboa, wakati wa vita vya ukombozi. Patrau, yule Mreno msimamizi wetu, alizipanga juu ya meza ofisini mashine zikiwa zimezimwa, akazipiga moja moja huku akitabasamu. Zote zilisikika. Pale ofisini hata panya anasikika! Nikamwambia honi ya kiwanda huchaguliwa mashine ikinguruma. Akanuna, lakini akakubali.

Sikuwa na raha. Aliyekuwa akilisha majani kwenye visu vya mashine ni kaka yangu, wa tumbo moja, na honi hiyo ndiyo ingemwambia aruke nyuma kukitokea hitilafu.

Ile ya king'ora niliiweka kando. Kambi ya askari ilikuwa na king'ora kama hicho. Kikilia, watu wangekimbilia porini, na siku zile aliyekimbia alipigwa risasi kwanza, maswali baadaye. Zikabaki mbili. Tukapatana na wafanyakazi kwamba kila atakayesikia ageuke.

Nikabonyeza ya sauti nyembamba. Waligeuka wawili tu, maana mlio wake ulikaribiana na wa visu, ukamezwa. Nikabonyeza nzito. Ikapita chini ya kelele zote, wakageuka wote. Kaka aligeuka wa mwisho, baada ya kumwona jirani yake amegeuka. Nikasubiri jirani ainame kuokota majani, nikabonyeza tena. Kaka akaendelea kulisha mashine.

Wakati wa chakula nikamvuta pembeni, nikasema karibu na sikio lake, "Kaka, husikii."

"Mdogo wangu, nikitolewa hapa, nani atanigongea muhuri kaderneta, kitabu changu cha kazi? Asiye na muhuri askari wanamwita mtu wa porini, mpiganaji. Weye wataka nikafie jela? Chagua honi yako, unyamaze. Mkono ni wangu."

Nikanyamaza siku tatu, nikihaha kama kuku anayetaka kutaga. Mkanda wa mashine ukilia kidogo tu, mie huyo mbio kumwangalia. Siku ya nne nikashindwa. Nikaenda kwa patrau, nikasema yote, nikamwomba amhamishie uani, kwenye kuanika singa za mkonge. Patrau akasema hana kazi ya kiziwi. Alimfukuza siku hiyo hiyo, na mwezi haukuisha askari wakamchukua.

Alirudi vita vilipokwisha, amekonda, mikono yake yote mizima. Nilikwenda kwake asubuhi, nikamwamkia shikamoo, nikanyoosha mkono. Aliitazama midomo yangu mpaka nilipomaliza. Akaitikia marahaba, kwa adabu, kama anavyoitikiwa mtoto wa jirani, na mikono yake akaiacha mgongoni.